Kidonda cha Kinywani Kisichopona: Tujue Jinsi Saratani ya Kinywa Inavyoanza

Katika toleo hili tutajifunza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hapa Singida husikia habari zake pale tu mgonjwa anapokuwa amekwisha kukonda na hawezi tena kumeza hata uji. Ugonjwa huo ni saratani ya kinywa, ambayo wengine huiita kansa ya mdomo.

Watu huizungumzia saratani hii kana kwamba huja ghafla kama radi. Wengine husema mgonjwa amerogwa. Wengine hulilaumu jino lililong'olewa. Ukweli ni kwamba saratani ya kinywa hujengeka polepole ndani ya mwili, hatua kwa hatua, mara nyingi kwa miaka mingi. Na hapo ndipo lilipo tumaini letu. Saratani ya ini au ya kongosho hujificha tumboni, lakini ya kinywa huota mahali ambapo tunaweza kupaona kwa kioo na mwanga wa dirishani. Mwenye kujua kinachotokea ndani ya mwili, na ishara zinazoonekana nje, anaweza kuiwahi.

Ugonjwa huu si mdogo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonesha kwamba watu wapatao 389,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo au ya kinywa katika mwaka huo mmoja, na wapatao 188,000 walikufa kwa ajili yake.

1. SARATANI NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli, kama vile nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Tofauti ni kwamba tofali la nyumba hukaa pale pale, bali seli huchakaa, hufa, na nyingine huzaliwa kuchukua nafasi yake. Ndani ya kinywa kazi hii ni kubwa kuliko sehemu nyingi za mwili. Kila siku tunapitisha chakula cha moto, mifupa ya samaki, chumvi na pilipili. Kwa hiyo ule utando laini unaofunika mashavu, ulimi na ufizi hujifanya upya kila baada ya majuma machache. Ndiyo maana ukijiuma ulimi Jumatatu, Jumapili umekwisha kupona.

Ndani ya kila seli kuna chembe za urithi. Hizi ni kama maagizo yaliyoandikwa, yanayoieleza seli lini igawanyike, lini ipumzike na lini ife. Fikiria baiskeli. Ziko chembe za urithi zinazofanya kazi ya kanyagio, yaani kuihimiza seli igawanyike. Ziko nyingine zinazofanya kazi ya breki, yaani kuizuia. Baiskeli njema huhitaji vyote viwili. Saratani huanza pale kanyagio linapokwama likiwa limekandamizwa, na breki nazo zimekatika.

Breki moja mashuhuri huitwa p53. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: seli ikiwa na maagizo yaliyoharibika, p53 huisimamisha ili ijitengeneze, na ikishindikana huiamuru ife. Katika saratani nyingi za kinywa mlinzi huyu hukutwa ameharibika. Hapo seli mbovu hupita langoni, hugawanyika bila mpango, hupenya nyama iliyo chini yake, na mwisho husafiri hadi kwenye tezi za shingo na sehemu nyingine za mwili.

Kosa moja katika maagizo halitoshi kuleta saratani. Yanahitajika makosa kadhaa, yaliyorundikana katika seli ile ile na uzao wake. Hiyo ndiyo sababu ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 40 na kuendelea, ingawa vijana hawana kinga. Kati ya kila saratani kumi za kinywa, zaidi ya tisa huanzia katika zile seli bapa za utando wa juu, mahali panapoonekana kwa macho.

2. NI NINI KINACHOHARIBU SELI ZA KINYWA?

(a) Tumbaku ya kila aina

Tumbaku ndiyo adui wa kwanza. Sisi ni majirani wa Tabora, mkoa unaojulikana sana kwa zao hili, na wazee wengi huiona kama kitu cha kawaida cha nyumbani. Watu wakisikia onyo juu ya tumbaku hufikiria sigara peke yake. Lakini mzee anayeweka ugoro kati ya mdomo na ufizi, bibi anayevuta kiko, na kijana anayebwia kuberi, wote wako katika hatari.

Tumbaku ina kemikali nyingi zenye sumu. Zilizo mbaya sana kwa kinywa huitwa nitrosamini. Hizi hujitengeneza wakati majani yanapokaushwa na kuvundikwa. Zikiingia mwilini hugeuzwa na kujibandika juu ya chembe za urithi, na seli inapogawanyika husoma maagizo kwa makosa. Anayevuta sigara huongeza juu yake kemikali zinazotokana na moshi wenyewe. Anayetumia ugoro huiacha sumu ikae mahali pamoja kwa muda mrefu, na mara nyingi ni pale pale anapoweka ugoro ndipo utando hubadilika kwanza, ukawa mweupe na wenye mikunjo.

Aidha, tumbaku ya ugoro mara nyingi huchanganywa na magadi. Magadi hufanya nikotini ipenye upesi zaidi katika utando wa kinywa, na nikotini ndiyo inayomfunga mtu asiweze kuacha. Nchini Sudani hutumika tumbaku ya namna hiyo iitwayo toombak. Imepimwa na kukutwa na nitrosamini kwa kiwango kikubwa mno, na saratani ya kinywa ni tatizo kubwa kwa wanaoitumia.

(b) Pombe

Wengi hushangaa kusikia pombe inatajwa hapa. Lakini tangu mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeweka vinywaji vyenye kileo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Haijalishi kama ni bia ya chupa, wanzuki, komoni au gongo. Mwenye kosa ni kileo kilichomo ndani.

Kileo hugeuzwa na mwili kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, ambacho ni sumu kwa chembe za urithi. Kazi hiyo haifanyiki kwenye ini tu. Hata bakteria wanaoishi kinywani, hasa kinywa kisichosafishwa, hukigeuza kileo kuwa asetaldehaidi pale pale. Zaidi ya hayo, kileo huulainisha utando wa kinywa na kuufungulia mlango, na kemikali za tumbaku hupenya kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo, mtu anayekunywa huku anavuta hazijumlishi hatari mbili, anazizidisha. Uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1988 ulionesha kwamba watu waliovuta sana na kunywa sana walikuwa na hatari ya kupata saratani ya kinywa na koo zaidi ya mara 35 kuliko wale wasiovuta wala kunywa. Yule anayesema, "Mimi sinywi bila sigara," amechagua njia ya hatari kuliko zote.

(c) Tambuu

Huku bara tambuu haijazoeleka sana, lakini wapo ndugu zetu wa Pwani na Zanzibar wanaoitumia, na vijana wetu wanaokwenda kutafuta kazi huko hujifunza. Wako wanaosema tambuu isiyo na tumbaku haina madhara. Si kweli. Mwaka 2004 shirika lile lile la Lyon lilichapisha matokeo kwamba popoo peke yake, yaani ile kokwa inayotiwa ndani ya tambuu, husababisha saratani. Kabla ya saratani, popoo huweza kukaza nyama za ndani ya mashavu hadi mtu akashindwa kufungua kinywa sawasawa.

(d) Virusi

Baadhi ya virusi huingia ndani ya seli na kuiharibia breki zake. Wako virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV. Aina yake ya 16, ambayo husababisha pia saratani ya mlango wa kizazi, hutengeneza protini inayomwangamiza yule mlinzi p53 tuliyemtaja. Katika eneo la kinywa na koo, virusi hivi huhusika zaidi na saratani ya mzizi wa ulimi na ya tezi za kooni, na kwa kiasi kidogo na saratani ya kinywa chenyewe. Huambukizwa kwa kujamiiana, pamoja na kujamiiana kwa njia ya mdomo.

Tanzania ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya HPV nchi nzima mwezi Aprili 2018, na tangu mwaka 2024 chanjo hutolewa dozi moja kwa wasichana wa umri wa miaka 9 hadi 14. Lengo lake la kwanza ni kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, lakini kirusi ni kile kile. Wazazi wapendwa, chanjo hii haizuii uzazi. Mruhusuni binti achanjwe.

Virusi Vya UKIMWI navyo hufungua mlango kwa njia nyingine, yaani kwa kudhoofisha askari wa mwili. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa anaweza kupata saratani iitwayo Kaposi, ambayo mara nyingi hujionesha kama madoa ya rangi ya zambarau au nyeusi juu ya kaakaa. Husababishwa na kirusi kingine kinachopata nafasi kinga inaposhuka. Kuanza dawa mapema na kutoziacha ni kinga kubwa.

Kwa upande wa watoto, Afrika ya Mashariki ina historia yake. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote. Akaanza kufuatilia, akaona wengine wengi. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili, akipita nchi kwa nchi kuuliza katika hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana. Aligundua kwamba hupatikana zaidi katika maeneo ya joto na mvua, ambako malaria ni nyingi. Mwaka 1964 wataalamu watatu huko London, ambao ni Epstein, Achong na Barr, waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Leo tunajua kwamba kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara husaidiana kuuleta. Si aina moja na saratani ya wavuta tumbaku, na hujibu vizuri dawa ukiwahiwa. Kwa hiyo mtoto akivimba taya kwa haraka, au meno yake yakilegea bila kugongwa, msiseme ni jino bovu tu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

(e) Jua

Mwenye ngozi nyeusi amepewa kinga ya asili dhidi ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, na mdomo wa chini ndio unaopigwa na jua kuliko wa juu. Mionzi ya jua huharibu chembe za urithi za ngozi ya mdomo mwaka baada ya mwaka. Mdomo huanza kukauka, kupasuka na kutoa magamba, kisha hutokea kidonda kisichopona. Katika nchi yetu saratani ya ngozi na ya mdomo imewaua wenye ualbino wengi katika umri wa ujana.

Hili linazuilika. Kofia yenye ukingo mpana, nguo za mikono mirefu, kufanya kazi za shamba asubuhi na jioni, na losheni ya kukinga jua inayopakwa hadi mdomoni, vyote husaidia. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino. Familia yenye mtoto mwenye ualbino iulize juu ya losheni hiyo na kliniki ya ngozi katika hospitali iliyo karibu.

(f) Lishe na kinga ya mwili

Seli huhitaji vifaa vya kujitengeneza. Watu wanaokula matunda na mboga za majani mara chache wana hatari kubwa zaidi. Upungufu wa damu wa muda mrefu unaotokana na kukosa madini ya chuma hufanya utando wa kinywa uwe mwembamba na dhaifu. Mlenda, mchicha, majani ya kunde, mapapai na maembe si chakula cha kimaskini. Ni dawa inayoota shambani mwetu.

3. MAMBO AMBAYO SI SARATANI

Nisingependa mtu apate hofu bure, kwa hiyo tutaje mambo machache yanayochanganywa na saratani.

Meno ya rangi ya kahawia. Hili huulizwa sana mkoani kwetu. Rangi hiyo hutokana na madini ya floraidi, ambayo ni mengi katika maji ya baadhi ya visima vyetu, na meno huyapata wakati mtoto anapokua. Ni tatizo la meno, wala si saratani na hayageuki kuwa saratani.

Utando mweupe unaofutika. Ukiufuta kwa kitambaa safi ukatoka na kuacha wekundu, mara nyingi ni fangasi. Hutibika, lakini kwa mtu mzima ni vizuri kupima kwa nini kinga imeshuka.

Vidonda vidogo vinavyouma sana. Vile vinavyotokea ghafla, vikauma wakati wa kula, na kupona ndani ya juma moja au mawili, kwa kawaida si saratani.

Hali kadhalika, saratani ya kinywa haiambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kumuuguza. Msimtenge.

4. DALILI ZA KUANGALIA

Kabla ya saratani kamili, mara nyingi utando hutoa onyo. Baka jeupe lisilofutika ni onyo. Mengi ya mabaka hayo hayageuki kuwa saratani, lakini bila kupima hakuna awezaye kujua ni lipi litageuka. Baka jekundu lenye kung'aa kama makhmeli ni la hatari zaidi kuliko jeupe. Dalili nyingine ni hizi:

– Kidonda kisichopona, hasa chenye kingo ngumu.
– Uvimbe au ugumu katika shavu, ulimi au ufizi.
– Damu inayotoka bila sababu.
– Jino lililolegea bila ugonjwa wa fizi, au tundu la jino lililong'olewa ambalo halizibi.
– Ganzi ya mdomo au ulimi.
– Shida ya kumeza, kutafuna, kusema au kufungua kinywa.
– Tezi ngumu shingoni isiyouma.

Angalia neno hili la mwisho: isiyouma. Saratani ya kinywa inapoanza mara nyingi HAIUMI. Watu husubiri maumivu ndipo waje, na maumivu huja ugonjwa ukiwa umefika kwenye mishipa ya fahamu na mfupa.

Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kidonda au baka lolote la kinywani lililofikisha majuma mawili bila kupona lioneshwe kwa mhudumu wa afya, wala lisipitishe majuma matatu.

5. JINSI YA KUKAGUA KINYWA NYUMBANI

Fanya hivi mara moja kwa mwezi. Hutumia dakika tano tu. Nawa mikono kwa sabuni, kaa mahali penye mwanga, shika kioo. Kama una meno ya bandia, yatoe.

Kwanza, tazama midomo kwa nje, kisha igeuze uione kwa ndani. Pili, vuta shavu moja nje uangalie ndani, kisha la pili. Tatu, tazama ufizi wote, juu na chini. Nne, toa ulimi nje, uushike kwa kitambaa safi, uangalie pande zake zote mbili. Tano, inua ulimi uguse kaakaa, utazame chini yake. Pande za ulimi na chini ya ulimi ni sehemu ambazo saratani hupenda sana. Sita, inamisha kichwa nyuma utazame kaakaa. Mwisho, papasa shingo pande zote kutafuta tezi ngumu.

Wazee wenye macho hafifu wasaidiwe na watoto au wajukuu. Mjukuu mwenye tochi ya simu anaweza kuona ambacho babu hakioni.

6. KWA NINI TUNACHELEWA?

Katika miaka yangu ya kuuguza nimeona njia mbili. Mkulima mmoja wa alizeti, aliyevuka miaka sitini na mtumiaji wa ugoro tangu ujana, alipata kidonda pale alipokuwa anaweka ugoro. Jirani akamwambia ni jino, likang'olewa kijijini. Tundu halikuziba. Akapakwa dawa za unga, akachanjwa chale, mbuzi wakauzwa. Alipofika kwetu miezi minane baadaye shingo ilikuwa imevimba, na bado aliniambia, "Nesi mwanangu, hili ni jino tu." Tuliweza kumpunguzia maumivu na kumsafisha kidonda, na alikufa akiwa na watu wake. Lakini kupona hakukuwezekana tena.

Mama mmoja muuza mboga naye alikuwa mtumiaji wa ugoro. Binti yake aliona baka jeupe ndani ya mdomo wa mama wakati wanapiga mswaki, akamleta kabla mwezi haujaisha. Alipelekwa rufaa, kikakatwa kipande kidogo, na maabara ikaonesha seli zilizoanza kuharibika lakini bado hazijapenya ndani. Baka lote likaondolewa. Ameacha ugoro na anaendelea na biashara yake. Wote wawili walikuwa na tabia ile ile. Kilichotofautiana ni muda.

Wengi huchelewa kwa kuamini kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Hili si kweli. Kipimo cha kukata kipande kidogo ndicho pekee kinachoonesha kwa hakika kama ni saratani. Saratani husambaa kwa kuachwa. Wengine huamini haina dawa, kwa sababu waliowaona ni wale waliochelewa. Huko Marekani, ambako takwimu hutunzwa, wagonjwa wapatao wanane kati ya kumi waliogunduliwa kabla ugonjwa haujatoka mahali pake huwa hai miaka mitano baadaye.

7. MATIBABU YANAPATIKANA WAPI?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali yenye kitengo cha meno. Kutoka hapo utaelekezwa hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikihitajika hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa ya Dodoma, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi au Muhimbili. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, ndiyo taasisi ya taifa ya ugonjwa huu. Omba barua ya rufaa na uihifadhi pamoja na majibu yote ya maabara.

Matibabu ni upasuaji, mionzi, dawa, au mchanganyiko wake kulingana na hatua. Baada ya kupona mgonjwa hutakiwa kurudi kliniki kwa miaka. Sababu yake ilielezwa na Daktari Danely Slaughter na wenzake wa Marekani mwaka 1953: tumbaku na pombe hazikuharibu doa moja tu, bali zimepita juu ya utando wote, kama shamba zima lililomwagiwa mbegu za magugu. Gugu moja likiisha kung'olewa, lingine linaweza kuchipua pembeni. Anayetibiwa kisha akarudia sigara anamwagilia shamba hilo.

8. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache tumbaku ya kila aina. Hatari hupungua mwaka hadi mwaka baada ya kuacha, hata kwa aliyetumia miaka thelathini. Kuacha ni kugumu siku za mwanzo, kwa hiyo familia imsaidie mtu badala ya kumsimanga. Tusiwatume watoto kununua sigara au kuwasha kiko. Pili, tuache pombe au tuipunguze sana, na kamwe tusiichanganye na tumbaku. Tatu, tupige mswaki mara mbili kwa siku na kutengeneza meno yaliyovunjika. Nne, tule mboga na matunda kila siku. Tano, tumkinge na jua mwenye ualbino. Sita, binti apate chanjo ya HPV, na mwenye VVU asiache dawa. Saba, tukague vinywa vyetu kila mwezi.

Mwaka 2003 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Lakini sheria haiingii ndani ya nyumba kutazama chini ya ulimi wa babu. Hiyo ni kazi yetu sisi wanafamilia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni nani wanaotumia ugoro, sigara au kiko? Tunaweza kuwasaidiaje waache?
2. Ni imani gani zinazotufanya tuchelewe kwenda hospitali tunapoona kidonda kisichopona?
3. Je, kuna mtu mwenye ualbino katika jumuiya yetu? Ana kofia na losheni?
4. Tukimpata mgonjwa anayepewa rufaa ya mbali, tunaweza kuchangiaje nauli na kumpatia wa kumsindikiza?

Tafadhali, msomaji, usiweke gazeti hili kabatini kabla hujachukua kioo. Na ukimaliza kujitazama mwenyewe, mwite aliye mzee kuliko wote hapo nyumbani, mwamkie, umwombe naye afungue kinywa. Tukutane toleo lijalo.